UZI: Kuingiza kazi kwenye tamasha la midia ya kidijitali chuoni (wanafunzi na wafanyakazi) – faili, sauti, haki, fomu

FundiFaili (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni wa yeyote anayetaka kuingiza kazi kwenye tamasha la chuo: filamu fupi, uhuishaji, podikasti, picha, mchezo wa kompyuta, tovuti. Namna ya kutunga kazi nzuri ina nyuzi zake. Hapa tuongelee safari ya kutoka kazi imekamilika hadi kazi imeonekana, maana kazi nyingi nzuri huzama katikati ya safari hiyo.

Kazi yako itafunguliwa na mtu asiyekujua, kwenye kompyuta usiyoijua, na wewe hupo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Anza na fomu. Isome mpaka mstari wa mwisho kabla hujagusa programu ya kuhariri, uandike pembeni: kipengele, urefu wa juu, aina ya faili, ukubwa wa juu wa faili, saa ya kufunga, na kama majaji wanapaswa kujua jina lako au la. Urefu ndio unaowaponza wengi. Kama kanuni inasema dakika 5 na haijafafanua, hesabu pamoja na majina ya mwisho. Filamu ya 4:40 yenye majina ya sekunde 35 imefika 5:15, na inaweza kuchujwa na msaidizi kabla hata jaji hajaiona. Majina ya mwisho ya sekunde 15 yanatosha timu ya watu sita.

Kama kanuni za video hazijataja kiwango, tuma hiki:

– Faili la MP4, kodeki (namna ya kubana picha) H.264
– Pikseli 1920 kwa 1080
– Fremu 24, 25 au 30 kwa sekunde, ile ile uliyorekodia
– Kasi ya biti (data ya kila sekunde ya video) kati ya 10 na 20 Mbps, yaani megabiti kwa sekunde
– Sauti AAC, 48 kHz, stereo (chaneli mbili)

Usitume 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kama hawajaiomba. Projekta nyingi za kumbi za mihadhara haziwezi kuionyesha ilivyo, na kompyuta ya ukumbini ikiwa dhaifu picha itakwamakwama huku sauti inaendelea.

Hesabu muda wa kupakia mapema. Dakika 5 kwa 16 Mbps ni sekunde 300 mara megabiti 16, yaani megabiti 4,800, sawa na MB 600. Ukiwa na mtandao unaopandisha 2 Mbps, hizo ni dakika 40 kama haujakatika hata mara moja. Sasa fikiria watu wote wanapakia usiku wa mwisho kwenye mtandao mmoja wa chuo. Lenga kumaliza saa 48 kabla. Na fomu ikiandika 23:59, hiyo ni saa sita kasoro dakika moja usiku wa tarehe hiyo hiyo, siyo mchana wake, wala usiku wa kesho yake.

---

mkono_wa_kamera

Naongeza upande wa simu, kwa sababu kazi nyingi za wanafunzi zimerekodiwa kwa simu.

Zima HDR (hali ya kurekodi mwanga na rangi kwa upana zaidi) kabla ya kurekodi. Simu nyingi za sasa huiwasha zenyewe, na ukishaipeleka video hiyo kwenye mradi wa kawaida, ngozi za watu zinapauka na anga inageuka nyeupe. Ikiwa umesharekodi, inabidi uibadilishe rangi kwa makusudi kwenye programu ya kuhariri, na hilo lina kazi kuliko kuzima kitufe kimoja.

Taa zinazomemeteka: kwenye umeme wa 50 Hz weka kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50 au 1/100, kwenye 60 Hz weka 1/60 au 1/120. Ukiacha simu ichague yenyewe, michirizi inaweza kupita juu ya picha, na kuifuta baadaye ni vigumu.

Video ya wima (1080 kwa 1920) ikionyeshwa kwenye skrini ya ukumbi inabaki na upana wa pikseli 608 hivi kati ya 1920. Yaani chini ya theluthi moja ya skrini. Kwingine kote ni giza. Kama kipengele si cha video za simu, rekodi kwa mlalo. Na tafadhali msizibe pembeni kwa ile picha iliyofifishwa ya video yenyewe. Inavuta jicho litoke kwa mhusika.

---

Chipukizi_wa_Picha

Shikamooni wakubwa. Swali: video ya simu, midomo na sauti vinaanza pamoja, lakini kufika dakika ya tatu sauti imeshabaki nyuma ya mdomo. Kwenye simu ilikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kompyuta yangu?

---

mkono_wa_kamera

Marahaba. Si kompyuta. Simu nyingi hazirekodi kwa fremu za kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inashusha fremu kutoka 30 hadi 27 au 24, kisha inapanda tena. Sauti yenyewe haibadiliki. Programu ya kuhariri inadhani ni 30 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kosa linajikusanya kidogo kidogo mpaka unaliona dakika ya tatu.

Hakikisha kwanza: fungua video kwenye MediaInfo (programu ya kusoma taarifa za faili). Ukiona neno Variable kwenye mstari wa Frame rate mode, ndilo hilo. Dawa ni kubadili video ghafi KABLA ya kuhariri. Kwenye HandBrake (programu ya kubadili video) nenda sehemu ya Video, chagua 30, kisha Constant Framerate, weka ubora RF 18 (namba ikiwa ndogo ubora ni mkubwa), halafu hariri hilo faili jipya. Ukijaribu kurekebisha kwa kusogeza sauti kwenye taimlaini (mstari wa kupangia vipande) utasogeza kila kipande, na bado hutapata.

---

FundiFaili

Sahihi. Kwa wasioogopa kuandika amri, ffmpeg (programu ya kubadili video kwa amri) inamaliza kazi hiyo kwa mstari mmoja, na ni huo huo unaofaa kwa faili la mwisho:

`ffmpeg -i ghafi.mov -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -r 30 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 320k -ar 48000 -movflags +faststart tayari.mp4`

Vipande viwili hapo vina umuhimu wa pekee. `yuv420p` inahakikisha rangi zimehifadhiwa kwa namna ambayo karibu kila kichezeshi kinaijua. Ukiiacha, faili linaweza kucheza kwako na kuonyesha skrini nyeusi kwa jaji. `faststart` inahamisha faharasa ya faili kutoka mkiani kwenda kichwani, ili jaji anayetazama kwenye kivinjari aanze kuona mara moja badala ya kungoja faili zima lishuke. Mradi wako ukiwa wa 25, badilisha `-r 30` iwe `-r 25`.

Wanaohariri kwa DaVinci Resolve: panga fremu kwa sekunde kabla ya kuingiza kipande cha kwanza kwenye mradi. Ukishaingiza, namba hiyo inaweza kujifunga.

---

SautiSafi

Mmeongea picha tu. Watazamaji watavumilia picha yenye chembechembe. Sauti mbovu hawaivumilii hata dakika moja. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

La kwanza ni sauti ya upande mmoja. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo mara nyingi inarekodi kwenye chaneli ya kushoto pekee. Kwenye spika ya kompyuta hutagundua. Ukumbini, waliokaa kulia hawasikii chochote. Vaa hedifoni, sikiliza sikio moja moja. Ikiwa upande mmoja uko kimya, kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) tenganisha stereo ziwe mono (chaneli moja) mbili, futa ile tupu, kisha toa faili. Dakika mbili tu.

La pili ni ukubwa wa sauti. Usipime kwa sikio wala kwa kitufe cha spika. Pima kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Tamasha likitaja kiwango, kifuate (utangazaji wa Ulaya unatumia −23). Lisipotaja, mimi naweka −16 LUFS kwa podikasti na filamu fupi, na kilele kisichozidi −1 dB. Audacity ina zana ya Loudness Normalization: weka −16, bonyeza, imekwisha. Kama podikasti yako ni mono, hakikisha kuna alama kwenye kisanduku cha kuihesabu mono kama chaneli mbili, la sivyo itatoka na tofauti ya 3 dB na kazi yako itakuwa kubwa kuliko ya wenzako. Baada ya hapo angalia kilele. Kikivuka −1, tumia kidhibiti kilele (Limiter), usishushe sauti yote.

La tatu, muziki chini ya maneno. Muziki uwe chini ya sauti ya msemaji kwa 15 hadi 20 dB. Mhariri ameshasikia mazungumzo hayo mara hamsini, akili yake inajaza maneno yaliyofunikwa. Msikilizaji anayasikia mara moja tu. Mpe mtu ambaye hajawahi kusikia kazi, mwambie aandike sentensi anayoisikia katikati ya muziki. Akikosea neno, shusha muziki.

Na rekodi sekunde 30 za ukimya wa kila chumba. Ukikata "eee" ya msemaji bila kuweka ukimya huo, kunabaki shimo. Msikilizaji anadhani spika imekatika.

Kwa podikasti yenyewe: MP3 ya 128 kbps mono inatosha maneno matupu. Dakika 10 ni kama MB 9.6. Kukiwa na muziki mwingi tumia stereo 192 kbps.

---

Chipukizi_wa_Picha

Asanteni sana. Na muziki tukichukua mtandaoni ambao umeandikwa "bila mrabaha", si ni bure?

---

HakiNaKazi

Hapana ndugu. "Bila mrabaha" maana yake ni kwamba ukishapata leseni hulipi kila unapoutumia. Leseni yenyewe inaweza kuwa ya kununua, na inaweza kuruhusu YouTube lakini ikakataa kuonyesha mbele ya hadhira. Soma leseni, ihifadhi kama PDF pamoja na tarehe uliyopakua, kwa sababu ukurasa unaweza kubadilika.

Leseni za Creative Commons (zilianza 2002) zinawachanganya watu, kwa hiyo nizipitie haraka. CC0: tumia utakavyo. BY: mtaje mwenye kazi. BY-SA: mtaje, na kazi uliyoizalisha kutokana nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo, jambo ambalo linaweza kugongana na fomu ya tamasha. NC: si kwa biashara, kama tamasha lina kiingilio au zawadi ya wadhamini, usiingie kwenye mabishano hayo, tafuta muziki mwingine. ND: usibadilishe.

Kwenye ND ndipo wengi wanapotumbukia. Wanasema "sijaukata wala kuubadilisha, nimeuweka tu chini ya video". Kuoanisha muziki na picha zinazotembea tayari ni kutengeneza kazi mpya kutokana na ule muziki. ND haikuruhusu.

Na muziki wa zamani: Beethoven alifariki 1827, tungo zake hazina mmiliki. Lakini okestra iliyozirekodi ina haki juu ya rekodi yake. Tungo ni kitu kimoja, rekodi ni kingine. Chochote kati ya hivyo viwili kikiwa bado na mwenye haki, unahitaji ruhusa yake.

Kutaja mwenye kazi kuwe na vitu vinne: jina la kazi, mtunzi, ilikopatikana, leseni. "Muziki: kutoka mtandaoni" haitoshi.

Watu wanaoonekana na kutambulika waandike ridhaa: jina, tarehe, kazi gani, itaonyeshwa wapi (ukumbini tu, au mtandaoni pia), saini. Mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Chukua ridhaa siku ile ile ya kurekodi, kabla kamera haijawashwa. Baada ya miezi miwili mtu amehitimu na simu yake haipatikani. Bango, nembo na skrini za kompyuta zinazoonekana nyuma nazo zitazame. Barua pepe ya mtu iliyoachwa wazi kwenye skrini inasomeka vizuri sana ikikuzwa ukutani.

Ukitumia picha, sauti au maandishi yaliyotengenezwa na akili mnemba, angalia kanuni inasemaje, na hata ikinyamaza, andika kwenye fomu ni sehemu ipi na kwa programu ipi. Kufichua mapema hakukugharimu chochote. Kugunduliwa baadaye kunaweza kukuondolea kazi nzima.

---

Msomaji_wa_Fomu

Kwa wafanyakazi (wahadhiri, mafundi wa maabara, wakutubi, watu wa ofisini): angalieni kazi ni ya nani kabla ya kuweka saini. Kazi uliyoifanya ndani ya majukumu yako, kwa mfano video ya kufundishia, inaweza kuwa mali ya mwajiri kwa mujibu wa mkataba. Fomu ikisema "nathibitisha kuwa mimi ndiye mmiliki", pata kwanza barua fupi ya mkuu wako wa idara. Sentensi mbili zinatosha.

Timu zilizochanganyika nazo zina mtego. Mhadhiri aliyeshauri ataandikwa mshauri, na kazi inabaki kipengele cha wanafunzi. Mhadhiri aliyehariri au kupiga kamera ni mtengenezaji, na mara nyingi kazi inahamia kipengele cha wazi au cha wafanyakazi. Andikeni waandaaji kabla ya kutuma, mpate jibu kwa maandishi. Mwanafunzi asinyang'anywe kipengele chake kwa sababu mwalimu wake alijitolea kurekebisha rangi.

Kuhusu muhtasari wa kazi. Jaji akiwa na kazi nyingi, muhtasari ndio mlango. Tazameni tofauti:

"Filamu hii inahusu maisha ya wanafunzi na changamoto mbalimbali wanazopitia katika masomo yao."

"Umeme umekatika saa nne usiku na mtihani ni asubuhi. Wasichana wawili wana tochi moja na masomo mawili."

Ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye filamu yoyote. Ya pili ni ya filamu moja tu. Na usieleze mwisho.

---

FundiFaili

Umesema kweli tupu. Nirudi kwenye majina ya mafaili: `kipengele_jina-la-kazi_v1.mp4`. Bila nafasi, bila alama za kuuliza, na kwa Kiswahili chetu kumbukeni ile ritifaa ya ng': `ng'ambo.mp4` inaweza kuvuruga mfumo wa kupakia, andika `ngambo`. Kwenye fomu jina liandikwe sawasawa. Jina lako liweke kwenye faili tu kama majaji wanaruhusiwa kuliona.

---

Kisanduku

Michezo na tovuti zina matatizo yake kabisa.

Tovuti: kwenye Windows `Picha.JPG` na `picha.jpg` ni kitu kimoja. Kwenye seva nyingi, ambazo ni za Linux, ni vitu viwili, na picha yako haitaonekana. Majina yote yawe herufi ndogo. Njia za mafaili ziwe za ndani ya folda (`picha/jalada.jpg`), kamwe zisianze na `C:\Users`. Ukurasa wa kwanza uitwe `index.html` na uwe juu kabisa ndani ya ZIP, usiwe ndani ya folda tatu.

Mchezo wa kivinjari uliotengenezwa kwa Unity (programu ya kuundia michezo) haufunguki kwa kubofya faili mara mbili, unahitaji seva. Jaribu kwa kuingia kwenye folda yake na kuandika `python -m http.server 8000`, kisha fungua `localhost:8000`. Ukitoa wa Windows, folda inayoishia na `_Data` lazima iende pamoja na .exe. Mtu akituma .exe peke yake, ametuma ganda.

Jaribu kwenye akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, intaneti imezimwa. Kompyuta za maabara ndivyo zilivyo. Weka faili la maandishi lenye mistari mitano: jinsi ya kuanza, vitufe, jinsi ya kutoka, muda wa kucheza, na nini cha kufanya ikikwama. Ambatisha na video ya sekunde 60 hadi 90 ya mchezo ukichezwa. Mchezo ukigoma kwa jaji, hiyo video ndiyo itakayokutetea.

---

mpiga_chapa

Wa picha, fupi: "300 dpi" (nukta kwa inchi) haina maana bila pikseli. A3 kwa 300 inahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Picha iliyopita WhatsApp ikapunguzwa mpaka pikseli 1600 upande mrefu, kwenye A3 inabaki kama 97 kwa inchi, na kingo zitaonekana ngazi ngazi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama waraka, siyo kama picha. Rangi za skrini na projekta: sRGB. Usijibadilishie CMYK (rangi za uchapaji) mwenyewe, muulize anayechapa.

---

Chipukizi_wa_Picha

Maandishi ya chini tutume faili la SRT (maandishi na saa zake, nje ya video) au tuyachome kwenye video?

---

Msomaji_wa_Fomu

Vyote viwili kama fomu inaruhusu: video yenye maandishi yaliyochomwa kwa ajili ya ukumbi, na video safi pamoja na SRT kwa ajili ya mtandao. SRT inaonekana hivi:

1
00:00:04,200 --> 00:00:06,900
Usifunge mlango,
bado hajarudi.

Baada ya sekunde ni mkato, siyo nukta. Ukiweka nukta programu nyingine zinakataa faili zima. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 hivi. Hifadhi kama UTF-8. Maandishi yakae ndani ya asilimia 90 ya katikati ya picha, yaani acha pikseli 96 kila upande wa kushoto na kulia, na 54 juu na chini, kwa sababu projekta zingine zinakata kingo.

---

Chipukizi_wa_Picha

La mwisho: tukituma kwa linki ya Google Drive, tunajuaje kama imefika salama?

---

FundiFaili

Linki kwanza. Faili jipya linakuwa limefungwa kwa wengine. Lifungue kwa yeyote mwenye linki, kisha ijaribu kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwenye akaunti. Usitumie akaunti ya chuo kama inazuia watu wa nje, na usifute wala kubadilisha faili mpaka matokeo yatoke.

Halafu pakua faili hilo hilo kwenye kompyuta nyingine na ulitazame lote, siyo dakika ya kwanza. Upakiaji uliokatika unaharibu mkia. Ukitaka uhakika kamili, linganisha alama ya faili: kwenye Windows `certutil -hashfile kazi.mp4 SHA256`, kwenye Linux `sha256sum kazi.mp4`. Herufi zikifanana pande zote mbili, faili ni lile lile.

Siku ya onyesho beba nakala kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Omba dakika tatu za majaribio ukumbini na uangalie mambo matatu: sauti inatoka pande zote mbili, tukio lako lenye giza kuliko yote linaonekana (projekta inameza vivuli, kwa hiyo pandisha mwanga wa tukio hilo mapema), na maandishi yanasomeka ukiwa kiti cha nyuma kabisa. Ukiona kasoro, mpe fundi toleo la v2 na umwombe afute v1 mbele yako, ili usiku wa onyesho lisichezwe la zamani.